Maji ya Juni

"Nilijua ni wewe," Phelokazi alisema. "Usidhani nimepotea njia."

Mkhuseli alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa bwawa, akivuta ile kamba ndefu inayotenganisha waogeleaji. Kamba ikamponyoka, ikateleza majini. Alikuwa ameitambua sauti kabla hajainua macho, na kwa muda aliendelea kuitazama kamba ikielea, kama mtu anayeogopa kwamba akigeuka atakuta hakuna mtu.

Nje mvua ya kipupwe ya Juni ilikuwa inapiga mabati, na ule upepo wa Gqeberha, mji wa pwani ya Afrika Kusini, usiojua kupumzika ulikuwa unatikisa milango. Ndani ya jengo lile la shule mvuke ulipanda juu ya maji. Hapakuwa na mtu mwingine. Phelokazi alisimama karibu na benchi, koti la kazini limefungwa mpaka kidevuni, mfuko wa nguo za kuogelea kifuani kama ngao.

"Karibu," Mkhuseli alisema hatimaye.

"Sikuja kukaribishwa. Natafuta mwalimu. Nimetafuta mwingine kwanza, nikuambie ukweli. Nikampata mmoja, anafundisha watoto. Alinipa boya lenye picha ya bata."

Mdomo wa Mkhuseli ulitetemeka. Alijizuia. "Na ukalivaa?"

"Nililivaa. Watoto wakanicheka mpaka mmoja akajikojolea majini. Ndiyo maana niko hapa."

Hapo akashindwa, akacheka. Ni kile kicheko chake cha zamani, cha kuinamisha kichwa pembeni. Phelokazi alikuwa amejiandaa kwa aibu, kwa visingizio, hata kwa machozi, lakini kicheko hakuwa amekipangia kitu. Akakaza uso.

"Unataka nini, Phelo?"

"Usiniite Phelo. Nataka kuogelea. Novemba naingia ile triathloni ya michezo mitatu."

"Ile fupi?"

"Ile ndefu. Karibu kilomita nne baharini, baiskeli kutwa nzima, halafu mbio za marathoni juu yake. Ile yenyewe."

"Na sasa hivi unaogelea kiasi gani?"

"Siogelei."

"Huogelei sana, au..."

"Mkhuseli, sijui kuogelea! Bwawa la mtaani kwetu Zwide wewe unalifahamu. Umecheza mpira ndani yake kama mimi. Lini umeliona lina maji?"

Mkhuseli alimtazama vizuri sasa. Miaka mitatu ilikuwa imempunguza mashavu na kumwongeza mabega. Miguu ilikuwa ya mtu anayekimbia barabarani kila siku kabla ya kuingia zamu kiwandani, kule alikokuwa akikagua matairi. Macho yalikuwa yale yale.

"Kwa nini ile ndefu?" aliuliza kwa upole.

Phelokazi alitaka kusema haimhusu. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali hilo kwa nia ya kusikia jibu. Kazini walisema anamkimbia shetani. Binamu zake walisema ni kwa sababu aliachwa.

"Mwaka jana nilijitolea kugawa maji barabarani siku ya mashindano hayo," alisema. "Giza limeingia, watu wamekwisha kwenda nyumbani, akapita mama mmoja, mkubwa kuliko mama yangu. Anachechemea, midomo imekauka. Nikamwambia, mama, pumzika. Akanijibu, nitapumzika nikishafika, mwanangu. Akapita. Nikalia kwa wivu, Mkhuseli. Nikajua nataka kuwa yule."

Mkhuseli alivua fulana, akashuka majini, akasimama maji yakimfika kifuani.

"Vaa nguo zako. Tuanze kuelea."

Hapa ni lazima ijulikane Mkhuseli Mabandla alikuwa amemfanyia nini. Walipendana tangu ujana, na siku ilipofika wazee wa kwao walikwenda nyumbani kwa kina Phelokazi, familia ya Ntshinga, kuposa, wakiongozwa na mjomba aliyemlea na kumsomesha. Kama desturi ilivyotaka, yeye mwenyewe hakuingia. Alisubiri nyumba ya jirani, ng'ambo ya barabara, amesimama dirishani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba aliposema kwamba mke wa kwao hatakimbia tena barabarani na kaptula, watu wakimtazama mapaja. Baba yake Phelokazi, mzee Zolile, alisimama akajibu kuwa binti yake atakimbia mpaka achoke mwenyewe. Maneno yakawa makali. Wageni wakatolewa nje na kofia zao mikononi. Na Mkhuseli, aliyekuwa akiona yote, alitoka ile nyumba ya jirani, akamtazama Phelokazi aliyesimama getini, kisha akawafuata wajomba zake. Hakurudi. Ujumbe wake Phelokazi aliufuta bila kuusoma.

Sasa Phelokazi alikuwa amelala juu ya maji, shingo imekakamaa, na mkono wa mtu yule yule ulikuwa chini ya mgongo wake.

"Legeza shingo."

"Nimelegeza."

"Umeikaza kama unabeba ndoo. Phelo... Phelokazi. Maji hayakuchukii."

"Sina shida na maji."

Mkono ulitulia kidogo. "Ukiniambia niache, naacha."

"Sikuja kushikwa. Nimekuja kuelea."

"Utaelea. Lakini kwanza lazima ushikwe."

Alifumba macho. Masikio yalikuwa majini na ulimwengu wote ulikuwa mbali; alichosikia ni moyo wake na vidole vile anavyovijua, vikiwa makini, vikijitahidi visiwe na maana yoyote. Kisha akatambua kuwa havipo. Alikuwa ameachwa peke yake juu ya maji, na hazami.

Alipofumbua macho, uso wa Mkhuseli ulikuwa juu yake.

"Ile siku," alianza, "nilitaka..."

Phelokazi akapiga maji, akasimama. "Hapana. Humu ndani tunazungumza maji tu. Kupumua, mikono, miguu. Siku utakayoanza habari za ile siku, naondoka, na Novemba naingia baharini hivyo hivyo nizame, liwe juu yako."

"Sawa," Mkhuseli alisema.

"Sawa nini?"

"Sawa, maji tu."

Na alitimiza. Wiki zile za Juni na Julai alizungumza maji tu. Alimrekebisha kiwiko, alimkemea alipozuia pumzi, alimpigia makofi siku alipovuka bwawa zima bila kushika ukingo, kisha akageuka haraka ili asionekane macho. Phelokazi aliondoka nywele zikidondosha maji, akaenda kazini, akarudi jioni akapanda baiskeli iliyofungwa kwenye stendi katika gereji ya baba yake na kukanyaga bila kwenda popote, mvuke ukimtoka mwilini. Mzee Zolile alizoea kuja na kiti chake, amejifunga blanketi, akae akipaka mafuta mnyororo wa ziada na kutoa maoni.

"Mguu wa kushoto mvivu," angesema.

"Wewe kaa kimya, Tata, au panda uoneshe," Phelokazi angemjibu baba yake.

Mzee angecheka mpaka akohoe. Alikuwa anajivunia binti yake kuliko alivyoweza kusema. Jambo moja tu hakulijua.

Mama yake Phelokazi, MaDlomo, ndiye aliyeanza. Jumamosi moja usiku walikuwa mezani, bakuli la umngqusho katikati, maharage na mahindi vikitoa moshi.

"Unanuka dawa ya bwawa," MaDlomo alisema. "Kila siku. Na yule anayekufundisha hana jina? Kila nikiuliza unasema kocha, kocha."

Phelokazi aliweka kijiko chini. Angeweza kudanganya, na siku ingepita.

"Ni Mkhuseli Mabandla."

Mzee Zolile alitafuna alichokuwa nacho mdomoni, akameza, akafuta masharubu kwa utulivu wa kutisha.

"Yule wa dirishani."

"Ndiyo, Tata."

"Nilisimama mbele ya wanaume wale, mimi peke yangu, nikakutetea. Yeye yuko ng'ambo anaangalia kama sinema. Halafu akaondoka nao. Leo ndiye anakushika kiuno majini?"

"Mgongo, Tata. Na siku hizi hanishiki."

"Usinichekeshe!"

"Sikuchekeshi. Hakuna mwingine anayejua kazi ile kama yeye. Na kesho ananipeleka baharini mara ya kwanza."

Hapo mzee alibadilika. Hasira ilimtoka usoni na kitu kingine kikaingia. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa bandarini, juu ya kreni, na kutoka kule juu alikuwa ameona mambo ambayo hakuyasimulia nyumbani.

"Baharini huendi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimeona watu wakitolewa mle, Phelokazi. Wanaume wazima, wanaojua. Wakati huu wa mwaka maji yanakushika moyo. Kimbia, endesha baiskeli, sikukatazi. Baharini, na mtu yule, huendi."

"Nakwenda, Tata."

Hakuwahi kumjibu hivyo tangu azaliwe. MaDlomo alichukua sahani ya mumewe, akamwongezea chakula.

"Kula kwanza, Mpinga," alisema, akimwita kwa jina la ukoo kama alivyofanya alipotaka kumpoza. "Utagombana ukishashiba."

Lakini mzee alikuwa amekwisha kusimama, akatoka.

Asubuhi ya Jumapili bahari ya ufuko wa Humewood ilikuwa ya kijivu na mbingu ya kijivu, na upepo ulikuwa unainua mchanga ukichoma miguu. Wenzao wachache wa klabu ya michezo mitatu walirukaruka kujipasha moto. Phelokazi alikuwa amehangaika na ile suti ya mpira ya kuzuia baridi ya maji, amevuta hapa, amekunja pale, na sasa zipu ya mgongoni ilikuwa haifikiki.

"Nisaidie," alisema bila kugeuka.

Mkhuseli alikuja nyuma yake. Alipandisha zipu polepole, akaondoa nywele zilizobanwa shingoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, vikabaki pale kitambo kuliko zipu ilivyohitaji.

"Unatetemeka," alisema.

"Ni baridi."

"Hujaingia bado."

Akageuka. Walikuwa karibu mno. Aliona chumvi ya upepo kwenye kope zake.

"Baba yangu amejua," Phelokazi alisema.

"Amesemaje?"

"Amesema nisije."

"Na umekuja?"

"Unaniona niko wapi?"

Kabla Mkhuseli hajajibu, ile pikapu nyeupe ya mzee Zolile iliingia kwenye maegesho na kusimama kwa kishindo. Mzee alishuka amevaa koti la Jumapili, viatu vya kanisani na kofia, akaanza kuteremka mchangani akiyumba. Wanaklabu waliacha kuruka.

Mkhuseli hakurudi nyuma. Alivua kofia ya mpira kichwani, akaishika kwa mikono miwili, akaenda kumpokea, kisha akapiga goti kwenye mchanga wenye maji.

"Tata. Mpinga. Nakusalimu."

"Inuka! Unanitia aibu. Umevaa kama sili wa baharini."

Mkhuseli akainuka. Maji yalimtiririka magotini.

"Ile siku niliona kila kitu," alisema. "Nilikusikia mpaka kule ng'ambo. Ulisema maneno ambayo nilipaswa kuyasema mimi. Nilimwogopa mjomba, Tata. Kila kitu nilichokuwa nacho alinipa yeye. Nikadhani nikimpinga sitakuwa mtu. Nikaondoka, na tangu pale ndipo nikaacha kuwa mtu."

"Na leo humwogopi?"

"Namwogopa. Nimemwambia wiki iliyopita kwamba namfundisha Phelokazi. Amesema nisikanyage kwake."

Phelokazi aligeuka ghafla. Hilo hakuwa amelijua. Wiki nzima Mkhuseli alikuwa akimkemea kiwiko, kupumua, miguu, kumbe alikuwa amefukuzwa kwa mjomba, akanyamaza, kwa sababu yeye Phelokazi alisema wazungumze maji tu.

"Umechelewa," mzee alisema, ingawa sauti yake haikuwa na nguvu ile ya jana.

"Nimechelewa, Tata. Nataka kutuma watu tena. Mjomba akikataa kabisa, wapo wazee wengine wa ukoo."

"Unasikia ujasiri huu? Hapa hapa, bila viatu!"

"Basi!" Phelokazi alisema.

Wote wawili wakamtazama.

"Mnanipangia kama mbuzi na mimi nimesimama hapa. Tata, uliwafukuza watu nyumbani kwa ajili ya miguu yangu. Sijasahau, na sitasahau mpaka nife. Sasa usije wewe kunifungia mlango ule ule ulionifungulia. Naogopa maji haya. Usiku sikulala kwa kuyaogopa. Lakini naingia."

Mzee alikaza kofia yake kichwani.

"Na wewe," Phelokazi akamgeukia Mkhuseli, "mpaka Novemba sitaki kusikia habari za wazee. Sivuki ule mstari wa mwisho ili nipokewe na mchumba. Navuka kwa ajili yangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nikishavuka, uje uulize tena. Nitakuwa nimechoka hata nguvu ya kukataa sitakuwa nayo."

Alivaa miwani yake haraka kabla hawajaona macho, akaingia majini.

Baridi haikumgusa kama maji, ilimkaba. Wimbi la kwanza lilimpiga kifuani na pumzi yote ikatoka, ikakataa kurudi. Alipiga mikono ovyo. Chumvi ikamwingia kooni. Chini hapakuwa na sakafu ya vigae, palikuwa na weusi tu. Wazo likamjia safi kabisa: rudi, hakuna atakayekulaumu.

"Lala chali!" Mkhuseli alikuwa kando yake, karibu, hamgusi. "Pumua nje kwanza. Nje! Hivyo. Tena."

Alijigeuza. Mbingu ilikuwa pale, mawimbi yalimpandisha na kumshusha. Pumzi ilirudi vipande vipande, kisha ikarudi nzima.

"Nikurudishe?"

"Ukinigusa nitakuuma."

"Boya lile pale, la manjano. Ukiwa tayari."

Hakuwahi kuwa tayari. Aligeuka tu kifudifudi akaanza, mkono, mkono, pumua, mkono, mkono, pumua, akimeza maji, akilaani, akiendelea. Mara boya lilikuwa mbali, mara lilikuwa mbali bado, mara likawa plastiki baridi chini ya kiganja chake. Akalikumbatia. Mkhuseli, maji yakimcheza kidevuni, alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuna kanuni ingeweza kuikataza.

"Usiseme kitu," Phelokazi alimwonya, meno yakigongana.

"Sijasema."

"Unasema kwa macho."

"Macho yangu ni ya maji tu," Mkhuseli alisema, na wote wawili wakacheka mpaka wakanywa bahari.

Walipokaribia kurudi ufukweni alimwona baba yake. Alikuwa amesimama ndani ya maji, mawimbi yakimpiga magotini, viatu vya kanisani na vyote, ameshika kofia yake ili upepo usiichukue. Phelokazi alitambaa mpaka kwake kwa miguu isiyohisi kitu.

"Umeloa, Tata."

"Nilisimama pakavu," mzee alisema kwa ukali. "Maji ndiyo yamenifuata." Kisha akavua koti lake la Jumapili, akamfunika, akamshika mabega kwa nguvu.

Angeweza kwenda nyumbani pale. Chai ya moto, blanketi, hakuna ambaye angemnyima. Lakini programu ya Jumapili haikuishia majini. Phelokazi alibadilisha nguo nyuma ya pikapu ya mzee, akavaa glovu na jaketi mbili, akashusha baiskeli yake kutoka kwenye gari la klabu. Baba yake na Mkhuseli walikuwa wamesimama wakiachana hatua chache, kila mmoja akiitazama bahari kana kwamba mwenzake hayupo.

"Anakwenda wapi sasa?" mzee aliuliza, akiiuliza bahari.

"Baiskeli, Tata. Barabara ya Sardinia Bay mpaka mwisho na kurudi. Leo ni siku ya baiskeli pia."

"Na upepo huu?"

"Hasa upepo huu."

Phelokazi hakungoja kusikia zaidi. Alipanda, akakanyaga.

Barabara ilikuwa wazi na upepo ulikuwa usoni kabisa, mzito kama mlango unaosukumwa na mtu upande wa pili. Malori mawili yalimpita, yakamyumbisha. La tatu lilipiga honi. Aliinamisha kichwa, akabana meno, akachagua gia nyepesi, akaendelea. Mapaja yalianza kuwaka. Vidole vilikuwa vimekufa ndani ya glovu.

Baada ya kitambo akagundua kwamba malori yalikuwa yanampita kwa mbali, yakikata mpaka upande wa pili wa barabara. Kulikuwa na muungurumo nyuma yake, wa taratibu, usiokaribia wala kubaki nyuma. Alitupa jicho chini ya kwapa.

Pikapu nyeupe ilikuwa inamfuata, taa zake zote za tahadhari zikiwaka na kuzima. Ndani kulikuwa na watu wawili. Baba yake alikuwa kwenye usukani, kofia kichwani. Kando yake alikaa Mkhuseli, bado na ile suti ya mpira, amejifunga blanketi la mzee. Mzee alikuwa anazungumza bila kukoma, mkono mmoja ukipiga hewa. Mkhuseli alikuwa anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena, kisha akasema kitu, na mzee akapiga usukani kwa kiganja.

Wanagombana, Phelokazi aliwaza. Waache wagombane. Barabara ni ndefu.

Akashika vizuri usukani wa baiskeli, akaingia kwenye upepo.